Namba kubwa kuishia na 7 haimaanishi ni tasa

Hapa Nairobi, kuanzia watoto wa tuisheni mpaka wazazi wanaowasaidia homuwaki, wengi wanaamini hivi: namba kubwa ikiishia na 1, 3, 7 au 9, na ikatae kugawanyika kwa 3, basi ni tasa, yaani inagawanyika tu kwa 1 na yenyewe. Inaeleweka, juu ukijaribu na 17, 23 au 31 inakubali.

Sasa chukua 1,000,001. Ukijumlisha tarakimu zake unapata 2, kwa hivyo 3 haiingii, unajaribu 7 inakataa, 11 inakataa, 13 pia, hapo wengi wanaachia, kumbe ni 101 mara 9,901.

Kuna ingine naipenda sana. Andika tarakimu tatu zozote mara mbili, tuseme 727,727, fungua kalkuleta ya simu ugawe kwa 7, inatoka safi bila baki, 11 vilevile, 13 vilevile! Sababu ni kwamba hiyo ni 727 mara 1,001, na 1,001 yenyewe ni 7 mara 11 mara 13.

Ukitaka uhakika, gawa kwa namba tasa moja baada ya nyingine mpaka ufike kipeuo cha pili cha namba yako, yaani ile namba ukiizidisha kwa yenyewe unapata namba yako, zaidi ya hapo hakuna haja. Kwa 1,000,003 ni zile tasa 168 zilizo chini ya 1,000, kazi ya jioni moja hivi, na zote zinaacha baki, hiyo sasa ni tasa kweli.