Arctic Monkeys na stori za uongo zinazowafuata

Naanza na hii ya MySpace, ule mtandao wa kijamii wa zamani, maana ndo inaniuma kuliko zote. Kila mahali utasikia Arctic Monkeys ni bendi iliyotengenezwa na intaneti, eti vijana wanne walijifungia chumbani wakatupia nyimbo MySpace, watu wakapagawa, basi wakawa mastaa. Sio kweli jamani, na hii stori inawafutia hawa jamaa miaka yote ya jasho kwenye vipub vidogo mbele ya watu wachache.

Ukweli ni huu. Hawa ni watoto wa High Green, pembezoni mwa Sheffield huko kaskazini ya Uingereza, na bendi waliianza 2002. Alex Turner, muimbaji wao, na jirani yake Jamie Cook walipewa magitaa Krismasi ya 2001, Andy Nicholson akashika besi, na Matt Helders akapewa dramu kwa sababu ndo kitu kilichokua kimebaki, amesema mwenyewe. Shoo ya kwanza wakapiga 13 Juni 2003 kwenye pub inaitwa The Grapes hapo hapo mjini kwao, Alex ana miaka 17. Toka hapo ikawa wanarekodi demo (nyimbo za majaribio), wanazikopi kwenye CD, wanagawa bure kwenye shoo, na kwa vile CD zilikua chache na hazitoshi watu wote, mashabiki wakaanza wenyewe kuzigeuza mafaili na kurushiana mtandaoni, mmoja wao akalipa lile furushi jina la Beneath the Boardwalk. Boardwalk ni ukumbi wa muziki wa Sheffield, jamaa walikua wanapiga pale na kugawa demo pale, na Alex alikua mhudumu wa baa yake, kazi yake kumimina bia (likumbuke hili, nitalirudia). Hata ule ukurasa wa MySpace ni mashabiki waliufungua, bendi walipoulizwa wakasema hawakua wanajua MySpace ni kitu gani. Yaani intaneti ilikuja kubeba kitu ambacho tayari kilikua kinatembea mkono kwa mkono, ndo maana watu walikua wanakuja kwenye shoo wanaimba neno kwa neno nyimbo ambazo hazijatoka rasmi popote.

Alafu kuna wanaosema nyuma yao kulikua na lebo kubwa, yaani kampuni ya kutoa muziki, yenye hela. Hapana. Mei 2005 walitoa kazi yao ya kwanza kwa lebo yao wenyewe waliyoiita Bang Bang, na lebo kubwa zikiwa zinawakimbiza wao wakaenda kusaini Domino, lebo huru ya London iliyoanzishwa 1993 na Laurence Bell. Mpaka albamu yao ya 2022 bado wako hapo hapo. Nalisema hili kwa sababu watu siku hizi wakisikia indie wanafikiria ni aina ya gitaa au aina ya suruali, wakati neno lenyewe lilianzia kwenye lebo zinazojitegemea, na hawa wameliishi kwa vitendo.

Oktoba 2005 singo yao ya kwanza chini ya Domino ikaingia moja kwa moja namba 1 Uingereza, na 23 Januari 2006 albamu ya kwanza ikatoka, wiki moja tu ikauza kopi 363,735. Hapa napo watu wanateleza, utasikia bado wanashikilia rekodi ya albamu ya kwanza iliyouzika haraka kuliko zote Uingereza. Walikua nayo kweli, ila muimbaji Leona Lewis aliivunja mwaka 2007 na muimbaji mwingine, Susan Boyle, akaivunja ya Leona mwaka 2009. Ukisema kwa upande wa bendi, sawa, hapo ni wao. Na yule jamaa anaevuta sigara kwenye kava ya hiyo albamu sio Alex, ni rafiki yao tu, walimpiga picha usiku mkubwa kwenye baa moja Liverpool.

Nick O'Malley, mpiga besi wao, nae sio mwanzilishi. Andy aliondoka 2006, alikua amechoka na safari na hakwenda kwenye ziara ya Marekani, Nick akaitwa kushikilia besi kwa muda na ndo akabaki moja kwa moja.

Sasa hii nyingine inagawanya mashabiki kabisa: eti Alex aliharibika baada ya kuwa staa wa Marekani, ndo maana albamu ya 2018 imejaa piano na stori za hoteli mwezini. Mimi naona mtu anaesema hivo ameruka nusu ya safari yao. Mabadiliko yalianza mapema sana, albamu ya 2009 sehemu yake walienda kuirekodi jangwani California na Josh Homme wa bendi ya Queens of the Stone Age, sauti ikawa nzito na ya taratibu, wapo waliolalamika hata wakati huo. Ile piano ya 2018 ni zawadi aliyopewa na meneja wake alipotimiza miaka 30, akaanza kutungia nyimbo hapo badala ya kwenye gitaa, na bado albamu ikaenda namba 1 kama tano zilizoitangulia. Ya 2022 ndo ya kwanza kukosa namba 1, ikaishia namba 2 kwa sababu ilitoka siku moja na ya Taylor Swift. Na mwaka uliofuata wakafunga usiku kwenye steji kuu ya Glastonbury, tamasha kubwa la muziki Uingereza, kwa mara ya tatu, baada ya 2007 na 2013. Bendi iliyoharibika haiitwi mara tatu.

Namalizia na I Wanna Be Yours, ule wimbo wa mwisho kwenye albamu yao AM ya 2013 ambao vijana wanautumia kwenye kila video ya mapenzi na wanamwandikia Alex kua ndo mtunzi wa maneno. Maneno mengi ni ya shairi la John Cooper Clarke, mshairi wa Salford, alilitoa kwenye albamu yake ya 1982. Alex alikutana nalo shuleni kwenye kipindi cha Kiingereza, alafu baadae akamuona mzee mwenyewe live akighani mashairi yake mbele ya watu, na mahali alipomuona ni pale pale Boardwalk, yeye yuko nyuma ya kaunta anamimina bia.