"Ni orijino?" Dhana zinazowagharimu wanunuzi wa rubi jijini Dar

Mnunuzi wa Dar es Salaam akiletewa jiwe jekundu, swali lake la kwanza huwa moja: "Ni orijino?" Muuzaji hujibu ndiyo, na mara nyingi hajasema uongo. Jiwe lililotengenezwa kwenye tanuri la kiwanda ni rubi kikemia. Jiwe lenye nyufa zilizojazwa kioo nalo lilichimbwa ardhini kweli. Mnunuzi alipaswa kuuliza mambo matatu: hili ni madini gani, lilikua ardhini au kiwandani, na baada ya kuchimbwa limefanywa nini. Vipimo vingi vya mtaani, kuanzia Kariakoo hadi kwenye magrupu ya WhatsApp, hujibu kipande cha swali moja tu, na mtu anaondoka akiamini amejibiwa yote.

"Rubi halisi inakwaruza kioo, na haiungui"

Inakwaruza, ndiyo. Rubi ni korandamu, yaani oksidi ya alumini, yenye kromi kidogo inayoipa wekundu. Ugumu wake ni 9 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, na almasi ina 10. Lakini kioo cha dirisha ni kama 5.5. Kuna madini mengine yenye mawe mekundu: kwazi ina 7, ganeti hufika 7 na kupanda kidogo, spineli ina 8, na zote zitaacha mstari kwenye kioo. Rubi ya kiwandani ina 9 ileile. Kipimo hiki kinaondoa kioo chekundu peke yake, tena kwa gharama: ukingo wa jiwe lililokatwa humeguka kwa uzembe mdogo tu.

Kiberiti cha gesi hakina faida zaidi. Korandamu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 2,000 na ushee, joto ambalo kiberiti hakiwezi kulifikisha jiwe, kwa hiyo rubi ya kiwandani itapita mtihani bila shida. Wakati huohuo, rubi ya asili yenye nyufa au vimiminika vilivyonaswa ndani inaweza kupasuka kwa kupata joto la ghafla. Ukiona mtu anawasha moto chini ya jiwe ambalo bado si lake, mzuie.

"Ikiwaka nyekundu kwenye taa ya kukagulia noti, ni yenyewe"

Hii imeenea kwa sababu taa za miali ya urujuanimno zipo karibu kila duka linalopokea fedha nyingi taslimu. Rubi nyingi zinawaka nyekundu chini ya taa hiyo, na anayeona kwa mara ya kwanza hushawishika mara moja. Kinachowaka ni kromi. Rubi ya kiwandani ina kromi pia, na mara nyingi huwaka kwa nguvu kuliko ya asili. Spineli nyekundu nayo huwaka. Kwa upande wa pili, rubi ya asili yenye chuma kingi huwaka hafifu au isiwake kabisa, kwa hiyo kuna wanaotupa jiwe zuri kwa sababu ya giza la taa. Taa hiyo inakusaidia kushuku ganeti na kioo, ambavyo kwa kawaida havitoi mwanga huo mwekundu. Usiipe kazi nyingine.

"Halisi haina doa"

Hapa watu wengi wanaumizwa. Rubi hukua ardhini pamoja na madini mengine, na karibu zote hubeba alama za safari hiyo: sindano nyembamba za madini yaitwayo rutili zinazokatana kwa pembe, chembe za madini mengine, nyufa zilizojiponya zenyewe. Rubi kubwa, nyekundu iliyokolea, safi hadi ndani na ya bei ya kutupa haitoki mgodini. Zipo zilizo safi kweli. Winza, wilayani Mpwapwa, ilipoibuka kati ya 2007 na 2008, ilishangaza soko kwa kutoa baadhi ya rubi zilizong'aa bila kuchomwa. Lakini mawe ya namna hiyo huuzwa kwa bei zinazolingana na uhaba wake.

Kuna na kosa la kinyume, la kudhani kwamba jiwe lisilopitisha mwanga ni feki. Rubi ya Longido iliyokaa ndani ya madini ya kijani yaitwayo zoisaiti mara nyingi haipitishi mwanga, na ni rubi. Inafaa kwa vinyago na mawe ya mviringo, na bei yake ni ya kazi hiyo.

"Ya kiwandani ni plastiki au kioo"

Si hivyo. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kuyeyusha unga wa oksidi ya alumini kwenye mwali wa moto na kuukuza kuwa pande la rubi. Njia hiyo bado inatumika na mazao yake ni rahisi mno. Leza ya kwanza, aliyoiwasha Theodore Maiman mwaka 1960, ilitumia rubi ya kutengenezwa. Zile saa za wazee zilizoandikwa kuwa na mawe 17 hubeba rubi za aina hiyo, ndogo sana, zilizowekwa kupunguza msuguano. Nasikitika kila ninaposikia saa ya marehemu imevunjwa ili mawe yake yauzwe, kwa sababu saa nzima ilikuwa na thamani kuliko vipunje vyake.

Rubi ya kiwandani kama pambo haina ubaya wowote, mradi bei na maelezo viwe vya kiwandani. Tatizo linaanza pale pande la kiwandani linapovunjwa, kusuguliwa lipate sura ya kokoto na kuuzwa kama jiwe ghafi. Mnunuzi anaamini mbichi, yaani isiyokatwa, haiwezi kuchezewa. Inawezekana kabisa, na mbichi ndiyo ngumu zaidi kuikagua kwa macho kwa sababu uso wake haujang'arishwa na ndani hakuonekani.

Ukiwa na lenzi ya kukuza mara 10, tafuta mistari ya ukuaji. Ya asili huenda sawa au kwa kona. Ya Verneuil hupinda, kama mifereji ya sahani ya santuri, na mara nyingi kuna viputo vya gesi. Mistari hiyo ni hafifu, zungusha jiwe polepole kwenye mwanga hadi uikamate. Zipo njia nyingine za kiwandani zinazokuza jiwe taratibu na haziachi mistari ya kupinda. Hizo zinahitaji maabara, na lenzi ya mfukoni isikudanganye kwamba imemaliza kazi.

"Imechomwa, basi imeharibiwa"

Kuchoma mawe ni kazi ya zamani na inayokubalika katika biashara ya rubi duniani kote. Joto kali huyeyusha sindano za rutili, huondoa rangi ya buluu iliyojificha ndani ya wekundu, na jiwe linatoka likiwa angavu na jekundu zaidi. Mabadiliko hayo hayarudi nyuma. Sehemu kubwa ya rubi zilizo madukani imepita motoni. Ambayo haikuchomwa huuzwa ghali zaidi ikiwa ubora ni sawa, kwa hiyo muuzaji anawajibika kusema, lakini rubi iliyochomwa ni rubi yenye heshima zake zote.

Kujaza kioo ni jambo jingine kabisa, na ningependa kila mnunuzi wa pete ya uchumba hapa mjini alijue. Kuanzia mwaka 2004 hivi, soko la dunia lilijaa korandamu duni, iliyojaa nyufa, isiyofaa kukatwa, ambayo ilisafishwa kwa asidi kisha ikajazwa kioo chenye madini ya risasi kwa wingi. Mzigo wa kwanza uliojulikana ulitoka Andilamena, Madagaska, na kazi ilifanyika Thailand. Kioo hicho hupitisha mwanga karibu sawa na rubi, kwa hiyo nyufa hutoweka machoni. Jiwe lililokuwa la kutupwa linaonekana jekundu na angavu, na sehemu ya uzito unaolipia ni kioo.

Kioo hicho ni laini. Maji ya limau yanaweza kukila kikiachwa humo. Dawa za kusafishia vyoo na masinki, vilevile. Linalotokea zaidi ni hili: mama anapeleka pete kwa sonara ipunguzwe, sonara anaielekeza kwenye moto au kuitumbukiza kwenye asidi ya kusafishia dhahabu baada ya kulehemu, na jiwe linatoka na utando mweupe wa nyufa. Kesho yake sonara anaitwa mwizi, eti kabadilisha jiwe. Mafundi waaminifu wamepoteza wateja na majina yao kwa jiwe lililouzwa na mtu mwingine bila kusema ukweli. Fundi anayechukua tahadhari hukagua jiwe mbele ya mwenyewe kabla ya kugusa moto, na huandika alichokiona.

Kuligundua si kazi ngumu. Liinamishe jiwe chini ya taa ukiwa na lenzi: kwenye nyufa huruka mng'ao wa buluu, wakati mwingine wa machungwa. Ndani ya nyufa kuna viputo vilivyobapa. Ukiangalia uso kwa mwanga wa kuakisi, mistari ya kioo hung'aa tofauti na rubi inayoizunguka. Kwa jiwe la namna hii lenzi inatosha mara nyingi, na hakuna udhuru wa kununua bila kuitumia.

Mawe ya kupaka rangi ni ya zamani zaidi. Nyufa hulowekwa mafuta mekundu. Pamba yenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, ikitoka na wekundu, mrudishie mwenye jiwe.

"Limetoka Mahenge, nilimwona aliyelichimba"

Mahenge ina rubi, na ina spineli ambazo mwaka 2007 ziliishtua dunia kwa ukubwa na rangi yake pale Ipanko. Umba na Longido nako kuna rubi. Umba hiyohiyo ina ganeti za rangi nyingi. Kwa hiyo jina la mahali halitambulishi jiwe. Hata wafalme wamekosea: lile jiwe jekundu kubwa la taji la Uingereza lililoitwa rubi ya Black Prince kwa karne nyingi ni spineli. Spineli nyekundu nzuri ni jiwe la thamani, lakini lilipiwe kama spineli.

Kuna kipimo kisichodhuru ambacho sonara yeyote mwenye mizani ya kusoma hadi gramu 0.01 anaweza kukifanya. Pima jiwe lisilo kwenye pete. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi mwembamba lizame bila kugusa chini wala ukuta. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba inayosomeka sasa. Jiwe la gramu 2, yaani karati 10, likisoma 0.50, jibu ni 4.0, na hilo ndilo la korandamu. Spineli hutoa kama 3.6, turmalini nyekundu kama 3.1, zirkonia, jiwe la kuiga la kiwandani, hupita 5.5. Baadhi ya ganeti hukaribia 4.0, na rubi ya kiwandani hutoa 4.0 kamili, kwa hiyo jibu zuri halimalizi uchunguzi. Jibu baya linaumaliza. Kwa jiwe dogo, la karati moja au mbili hivi, kosa la mizani ni kubwa mno.

"Lina cheti"

Soma cheti kimeandika nini. Maneno "korandamu ya asili" peke yake hayasemi kama kuna kioo ndani. Tafuta sehemu ya matibabu ya jiwe. Linganisha uzito na vipimo vya milimita na jiwe lililo mkononi, kisha hakiki namba ya cheti kwenye tovuti ya maabara yenyewe, usitumie kiungo ulichotumiwa na muuzaji. Cheti halali cha jiwe jingine ni udanganyifu wa kawaida.

Anayefanya biashara ya kununua na kuuza mawe ghafi anatakiwa awe na leseni ya biashara au ya udalali wa madini, na Tume ya Madini ndiyo inayoitoa. Omba kuiona. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, chini ya Wizara ya Madini, panapofundishwa utambuzi na ukataji wa vito, na kwa jiwe la mamilioni inafaa mkubaliane kabla ya malipo kwamba litapelekwa kwa mtaalamu asiyemjua muuzaji. Anayekataa sharti hilo amekwisha kukujibu.

Ukinunua, risiti iandikwe: rubi ya asili au ya kiwandani, imechomwa au haikuchomwa, imejazwa kioo au haikujazwa, uzito wa karati, na muda wa kurudisha. Weka nakala kwenye simu, na siku pete itakapohitaji kupunguzwa, mwonyeshe sonara kabla hajawasha moto.