Moyo, mishipa na damu inayoganda: maswali ya wanafunzi wa udaktari Kisumu

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wanaoanza kuingia wodini. Majibu yake karibu yote hupatikana ukifuata njia ya damu.

Damu hupitia wapi?

Huingia upande wa kulia wa moyo, huenda mapafuni kuchukua oksijeni, hurudi upande wa kushoto, kisha husukumwa mwilini kote. Mtu mzima akiwa ametulia, kila pigo hutoa takriban mililita 70. Kwa mapigo 70 kwa dakika hizo ni karibu lita 5, sawa na damu yote aliyo nayo.

Kwa nini donge la damu la mguuni huziba mapafu, si ubongo?

Vena za mguu humwaga damu upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo njia ni moja tu: ateri ya mapafu. Mishipa yake huzidi kuwa myembamba mpaka donge likwame. Haliwezi kupenya kapilari lifike upande wa kushoto, isipokuwa moyo una tundu katikati.

Donge la kwenda ubongoni mara nyingi huanzia upande wa kushoto, na huku kwetu sababu moja ya kukumbuka ni homa ya rumatiki ya utotoni, ile inayofuata maumivu ya koo ya bakteria wa streptokokasi. Analetwa mama kijana, mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, na familia inasema hajawahi kuwa na presha. Usiishie kupima presha, msikilize moyo. Vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imekakamaa kwa ile homa, atria ya kushoto (chumba cha juu) imetanuka, mapigo hayana mpangilio, damu inatuama. Kutuama kwa damu, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda: kila ukiona donge, tafuta ni lipi kati ya hayo matatu lilitangulia.

Damu huganda vipi?

Mshipa ukikatika, hujikaza. Chembe sahani hunata kwenye kolajeni (protini ya ukuta wa mshipa) iliyofunuka na kufanya kizibo. Kisha protini za kugandisha damu huamshana moja baada ya nyingine hadi thrombini igeuze fibrinojeni kuwa nyuzi za fibrini zinazokaza kizibo hicho. Protini hizo hupewa namba; msihangaike kukariri zote kwa siku moja. Anzeni na 2, 7, 9 na 10, ambazo ini huzikamilisha kwa vitamini K. Hapo ndipo warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inapofanyia kazi. Aspirini hugusa chembe sahani, kwa hiyo haiwezi kushika nafasi ya warfarini kwa mgonjwa mwenye vali bandia ya chuma.

Anayetumia warfarini aache sukuma wiki na osuga (mnavu)?

Asiache! Ushauri huo huwaumiza watu. Mboga za majani zina vitamini K nyingi, lakini kinachovuruga INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, ni kula leo sahani nzima na wiki ijayo kukosa kabisa. Mvua ikinyesha, osuga na dek, mboga nyingine ya kienyeji, hujaa soko la Kibuye kwa bei nafuu; kiangazi huadimika. Kwa hiyo muulize: "Mama, siku hizi mnakula mboga gani nyumbani, na mara ngapi?" Ale kiasi kilekile kila wiki, nanyi mpange dozi kulingana na chakula chake. Mwenye vali bandia ya chuma ya mitrali kwa kawaida hulengwa INR ya 2.5 hadi 3.5.

Muulize pia alichonunua duka la dawa. Septrin na Flagyl, dawa za kuua vijidudu, hupandisha INR, na anaweza kuanza kuvuja damu siku chache tu baada ya kuzimeza.

Na akiwa mjamzito?

Warfarini hupita kondo la nyuma na inaweza kudhuru mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12. Heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, haipiti. Lakini asiache dawa ghafla mwenyewe, kwani vali inaweza kuziba. Hedhi ikichelewa, aje kliniki siku hiyohiyo, na mwambieni hivyo kabla hajafikiria kubeba mimba.