"Iko mu gazeti" haitoshi

Hapa Goma, juu ya moto ao mu alimantasio, batu banasema: posti ya politike ikisha kupita mu gazeti, basi banajurnaliste bameshaiverifie.

Ukweli: mara mingi wameangalia tu kama ile posti iko. Mwenye aliandika ni nani, iyo ni kazi ingine kabisa, na haifanywagi kila mara. Marekani ile kosa iliwaumiza. Mu mwezi wa 11, 2017, Twitter ilipatia bunge lao majina ya akaunti 2.752 zenye zilikuwa zinaongozwa na Internet Research Agency, kampuni ya Saint-Petersburg kule Urusi, yenye ilikuwa inajifanya raia wa Marekani ku mitandao. Watafiti wa chuo kikuu cha Wisconsin wakarudilia kusoma media kubwa 33 za Marekani, wakakuta 32 zilikuwa zimeshatia tweet za zile akaunti mu habari zao. 32 ku 33! Na hawa walikuwa na pesa, na mafasi ya kuuliza, kuliko sisi huku.

Batu banasema tena: eeh, lakini ile ilikuwa maoni tu, si habari.

Hapa njo roho inaniuma, juu zile tweet nyingi ziliwekwa kabisa kwa kuonyesha raia wa kawaida anawaza nini, kumbe raia mwenyewe hayuko. Na huku kwetu unasoma "wakaaji wa Goma wanasema", unaangalia vizuri, ni posti tatu, benye kuandika wanaweza kuwa Kinshasa ao Bruxelles, na mama mwenye anauzisha makala ku soko Virunga, mwenye hana mega za internet na hakuna mutu alienda kumuuliza, yeye sauti yake iko wapi?

Alama ya buluu pembeni ya jina ya akaunti nayo isikudanganye. Tangu mwezi wa 4, 2023, Twitter (yenye sasa inaitwa X) ilianza kutosha zile za zamani, zenye ilipatiaka watu kisha kuhakikisha ni wao, sasa mutu analipa, anaipata.

Bengine banasema basi magazeti yaache mitandao kabisa. Hapana, wanasiasa wenyewe wanatoa misimamo yao kule mbele ya kuongea na radio, na mutu anaweza kufuta posti kesho, kwa hiyo mujurnaliste anapashwa kuichunga. Lakini aandike akaunti ni ya nani, iliandikwa siku gani, na kama alimupigia mwenyewe simu. Mimi nikikuta "kulingana na posti moja" bila ata kimoja mu vile vitatu, siipartazhe mu grupe ya familia.