Sio kila kitu ni usonji: yanayosemwa kuhusu kifafa kwa vijana wenye usonji (autism), na ukweli wake

"Mwache, ndo usonji wake huo."

Naanza na hii maana ndo inayozaa nyingine zote. Kijana anakodoa macho sekunde kumi hivi hasikii chochote, usonji. Anaamka kitanda kimelowa na alishaacha kukojoa miaka mingi nyuma, usonji. Ghafla siku hizi anagonga kichwa ukutani na hakuwa hivyo, nao usonji. Mtu akishaandikwa jina moja kwenye faili basi kila kitu kinatupiwa humo humo, na wanaofanya hivyo sio ndugu tu, hata madaktari wamo. Wakati kwa watu wote kwa ujumla kifafa kinampata karibu mtu 1 kati ya 100, kwa wenye usonji ni mara nyingi zaidi ya hapo. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2013, wenye watoto na vijana zaidi ya 5,000, ulikuta karibu asilimia 12 wana kifafa ukichanganya rika zote, ila ukiwatenga wale wa miaka 13 na kuendelea inapanda mpaka asilimia 26. Robo hiyo jamani. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye usonji pamoja na ulemavu wa akili, uchambuzi wa 2008 uliokusanya tafiti nyingi ulipata kama asilimia 21 kwa hao na asilimia 8 kwa wasio na ulemavu huo, kwa hiyo hata yule anayeongea vizuri na kufaulu darasani usimtoe kwenye hesabu.

"Kingekuwepo kingejitokeza utotoni."

Hapana. Kwenye usonji kifafa kina vipindi viwili kinavyopenda kuanza, kabla ya miaka 5 halafu tena ujanani, na hicho cha pili ndo kinawakuta watu wamelala kwa sababu miaka yote kijana hajawahi kupatwa. Tena ujanani kila mtu anahangaika na mambo ya kubalehe, hasira, kununa, kulala mchana kukesha usiku, kifafa kinajichanganya humo na hakuna anayekishtukia. Kuna historia hapa kidogo ambayo mimi naipenda: miaka ya 1950 na 1960 walikuwepo wataalamu wanaowalaumu akina mama kwamba eti ubaridi wao kwa mtoto ndo uliomletea usonji, na moja ya mambo yaliyosaidia kuibomoa hoja hiyo ni kwamba baadhi ya watoto wale wale wakikua walianza kupata kifafa, sasa mama hata awe baridi vipi hawezi kumpa mtu kifafa, hilo ni suala la ubongo.

"Kifafa ni kuanguka, kutetemeka na povu."

Hicho ni kimoja tu, ndo kinachojulikana kwa sababu kinatisha. Kuna kile cha kuzubaa, mtoto yuko katikati ya kitu anakatika kama umeme, sekunde 5 mpaka 20, kope zinaweza kucheza cheza kidogo, halafu anarudi anaendelea pale pale kama hakuna kilichotokea na yeye mwenyewe hajui. Kinaweza kumtokea mara nyingi sana kwa siku na shuleni wakaandika "hasikilizi". Kuna kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, hiki kinachukua dakika moja mbili hivi, utaona kijana anatafuna tafuna na mdomoni hamna kitu, anapapasa shati, anavuta vuta kifungo, anatembea bila kujua anakwenda wapi, na kikiisha amechanganyikiwa au anataka kulala. Kuna kushtuka kwa ghafla kwa mikono hasa asubuhi akitoka kuamka, anachoshika kinaruka. Kuna cha mwili kulegea puu anaanguka. Na kuna cha usiku ambacho hukioni kabisa, unaona matokeo yake tu: ulimi umeng'atwa pembeni, shuka zimelowa, misuli inauma, asubuhi yote yuko hovyo.

Kisha kuna dalili za mwanzo, zile sekunde kabla. Wanaoweza kueleza wanasema wanasikia harufu ya ajabu, au kitu kinapanda kutoka tumboni, au hofu kubwa isiyo na sababu. Sasa asiyeongea atasemaje? Atakuja kukung'ang'ania mkono kwa nguvu, au atakimbia, au atapiga kelele, na wewe utasema amekasirika. Sisemi kila hasira ni kifafa, la hasha, nyingi sio. Ila hasira inayokuja bila chanzo chochote, inaanza ghafla inaisha ghafla, kila mara kwa mtindo ule ule na baada yake analala fofofo, hiyo naomba isipite hivi hivi.

"Mikono anapunga kila siku, hakuna namna ya kutofautisha."

Ipo, sio asilimia mia lakini ipo. Kupunga mikono, kujitikisa, kuzunguka, mara nyingi kuna sababu yake: amefurahi, amechoshwa, kelele zimezidi. Na kunakatizika. Hapa watu wanakosea wanasema "mwite jina", kijana mwenye usonji anaweza asigeuke hata akiwa mzima wa afya, kwa hiyo tumia kile ambacho kwake huwa hakishindwi, wimbo wa ile katuni anayoipenda, kifurushi cha kitafunwa chake kikifunguliwa, mguso wa bega kama anakubali kuguswa. Akigeuza hata jicho nusu sekunde, akabadilisha mwendo wa mikono, kuna mtu ndani anakusikia. Kwenye kifafa hakuna kinachobadilika, kinakwenda mpaka kiishe chenyewe. Angalia pia kama kinamtokea usingizini, maana hakuna mtu anayepunga mikono kwa furaha akiwa amelala. Na angalia baada yake, uchovu, kuchanganyikiwa, maneno kupotea kwa muda.

Kuliko yote hayo chukua simu urekodi. Video ya sekunde arobaini inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa ya mzazi mwenye wasiwasi. Rekodi mwili mzima na uso, macho yaonekane, taa iwashwe kama ni usiku, sema kwa sauti unachofanya, "nimemgusa, hajibu, sasa mkono wa kulia ndo unacheza", na usizime kikiisha, endelea dakika mbili tatu maana kile kinachofuata ndo mara nyingi kinatoa jibu. Halafu pembeni uwe na daftari: tarehe, saa, kilichukua muda gani, alilala vipi jana yake, alikuwa na homa, dozi iliruka, kwa msichana yuko siku zake au la.

"Akapigwe EEG tu ijulikane moja."

Hapa pande mbili zote zinapotoka. EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, ikitoka safi haimaanishi hana kifafa, ile ya kawaida ni kama nusu saa ya maisha yake, na watu wengi wenye kifafa cha kweli ya kwanza inatoka safi. Wakati mwingine inabidi irudiwe akiwa usingizini au awe hajalala vya kutosha usiku uliopita. Upande wa pili sasa, vijana wengi wenye usonji EEG zao zina kasoro na hawajawahi kupatwa na kifafa hata mara moja, na karatasi yenye kasoro peke yake kwa kawaida sio sababu ya kuanza dawa. Kifafa kinatambuliwa kwa matukio yenyewe, kwa kawaida mawili yasiyo na kichochezi kama homa kali au sukari kushuka, yaliyopishana zaidi ya saa 24, au moja lenye uwezekano mkubwa wa kurudi. Kipimo kinakuja kusaidia, kusema ni aina gani na kinaanzia wapi. Na moyo nao upimwe kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kuna kuzimia kwa moyo kunakofanana na kifafa kabisa.

Tatizo ni kijana asiyetaka kuguswa kichwa, halafu mtu asiyemjua anaanza kumpaka jeli na kumbandika nyaya ishirini na kitu. Hapo wengi wanarudi nyumbani wameambiwa "ameshindikana". Hajashindikana, hajaandaliwa. Wiki moja mbili kabla, mzoeshe kofia inayobana, mpake losheni kidogo kwenye nywele akiwa anaangalia anachokipenda, mbandike stika moja kichwani, kesho mbili, kesho kutwa tano. Muonyeshe picha za chumba kama zipo. Piga simu uombe nafasi ya kwanza asubuhi ili asikae foleni, na useme wazi ana usonji. Ikishindikana waulize kama wanaweza kumpima akiwa amelala, kuna hospitali zinatumia melatonini, dawa ya kuleta usingizi, kwa hilo.

"Mshike kwa nguvu, mwekee kijiko asing'ate ulimi."

Usithubutu. Ulimi haumezwi, kijiko kinavunja meno. Angalia saa. Ondoa vitu vya kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, mtetemo ukiacha mlaze ubavu, usimpe maji wala dawa ya kumeza mpaka azinduke vizuri. Dakika 5 zikipita bado kinaendelea, au kikifuatiwa na kingine bila yeye kuzinduka, au ni mara yake ya kwanza, au hapumui vizuri baada yake, hiyo ni dharura, ita msaada wa hospitali. Kama ameandikiwa dawa ya kukatiza kifafa, midazolamu ya kuweka shavuni au diazepamu ya njia ya haja kubwa, wanaokaa naye wote wajue ilipo na inatumikaje, sio mama peke yake. Kwa kijana mwenye usonji ongeza hili: akizinduka punguza watu, punguza maneno, zima redio. Katika hali ile ya kuchanganyikiwa ukimkaba anaweza kukupiga bila kujua, afu watu wanasema ana vurugu. Na povu haliambukizi, hilo naomba tusilijadili tena.

"Dawa za kifafa zitamfanya zezeta."

Kwa jumla hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kupatwa wakipata dawa inayowafaa na kuinywa sawasawa. Ila siwezi kukudanganya kwamba hazina madhara, zinayo, na kwa vijana wetu madhara yenyewe mara nyingi yanatokea kwenye tabia, ndo maana yanasingiziwa usonji tena, tumerudi pale pale. Levetirasetamu inatumika sana na ni nzuri lakini kuna watoto inawafanya wakali, wanalia, wanapiga. Fenobabitali inaweza kumfanya mtoto asitulie kabisa. Topirameti inaweza kupunguza maneno, na kwa kijana ambaye maneno yake yenyewe ni machache hiyo sio hasara ndogo. Lamotrijini inapandishwa taratibu sana kwa sababu ya vipele vya hatari kwenye ngozi, ukiona vipele wiki za mwanzo nenda hospitali siku hiyo hiyo. Karbamazepini inafaa kwa aina fulani na inaweza kuzidisha kile cha kuzubaa na kile cha kushtuka, kwa hiyo usiazime dawa ya mtoto wa jirani hata kama ugonjwa unaitwa jina moja.

Valproeti naisemea peke yake. Ni dawa yenye nguvu, lakini mimba ikiingia mama akiwa anaitumia karibu mtoto 1 kati ya 10 anazaliwa na kasoro za kimwili na watoto 3 mpaka 4 kati ya 10 wanapata shida za ukuaji wa akili na tabia. Sasa msichana mwenye usonji wa miaka 14 wazazi wengi hawataki hata kufikiria mambo ya mimba, "huyu atajulia wapi", na hiyo nayo ni dhana potofu, tena ya hatari. Muulize daktari mapema kama kuna mbadala. Ila akiwa tayari anaitumia usiikatishe.

Na hilo la kukatisha ni kwa dawa zote. Kijana ametulia miezi sita watu wanasema amepona wanaacha, au wameona anakuwa mkali wanaacha siku hiyo hiyo, na kifafa kinarudi mfululizo kisichokatika ambacho kinaweza kuua. Ukiona tabia imebadilika andika ilianza lini na dozi ilibadilishwa lini, mpelekee daktari, yeye ndo ataishusha pole pole. Akiwa anagoma kumeza, uliza kama ipo ya maji au ya kuyeyuka, lakini usisage kidonge bila kuuliza, vile vya kutoa dawa taratibu ukivisaga anapata yote kwa mkupuo.

"Kifafa kikitulia na usonji utaisha."

Hautaisha. Anaweza kuwa makini zaidi, kulala vizuri, kujifunza vizuri kwa sababu ubongo haukatizwi, na hiyo ni faida kubwa, lakini usonji ni namna ubongo wake ulivyo. Mlo wa kitojeniki wenye mafuta mengi na wanga kidogo ni tiba halisi ya kifafa pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zimeshindwa, unasimamiwa na hospitali, sio kitu cha kuanzisha jikoni kwa mtoto anayekula vyakula vitatu tu.

"Mfungie TV na simu, taa ndo zinaleta."

Wanaoathirika na mwanga unaomulika ni kama 3 kati ya 100 ya wenye kifafa. Usingizi mbovu na dozi iliyorukwa vinaleta kifafa kwa watu wengi kuliko TV, na usingizi ndo ugonjwa mkubwa wa vijana hawa. Pigania usingizi kwanza.

"Asitoke, asiogelee, asiachwe peke yake hata dakika."

Hofu hiyo naielewa, kifo cha ghafla cha kifafa kipo, kwa watu wazima ni karibu 1 kati ya 1,000 kwa mwaka, kwa watoto imekadiriwa kuwa chini ya hapo, na hatari kubwa ni kwa wenye vile vya mwili mzima vya usiku visivyodhibitiwa. Njia kubwa ya kuipunguza ni dawa isirukwe. Kumfungia ndani hakusaidii. Aogelee na mtu anayejua kuogelea na anayejua ana kifafa, awe anamwangalia yeye tu. Bafuni aoge kwa bomba la juu badala ya kujaza beseni kubwa la kulala, maji yasiwe ya moto sana, na mlango usifungwe komeo kwa ndani. Kama anapenda faragha yake, na ujanani lazima aipende, mwekeeni kibao cha kugeuza upande mmoja "nipo" upande wa pili "wazi", wengi wanaipenda sheria ya namna hiyo na wataifuata kuliko nyie mlioitunga.