Je, wajua kwanini kikombe cha themosi hutunza moto? Na ukichukue kwenye meli ya utalii au ukiache nyumbani?

Siku hizi si ajabu kusikia mtu wa Unguja au Pemba anatayarisha safari ya kruzi, yaani zile meli kubwa za kitalii ambazo wengi wetu tumezoea kuziona kwa mbali tu, watalii wanashuka na kofia zao wanazunguka Mji Mkongwe masaa machache halafu hao wamerudi melini. Sasa mtoto yuko Muscat, kawakatia wazee wake tiketi wakapumzike wiki moja, meli inaondoka Dubai wakati wa baridi kule, na swali linalokuja kabla hata ya nguo ni hili: nichukue kile kikombe changu cha themosi, au melini vikombe vipo?

Vikombe vipo, tena tele. Lakini swali si la kijinga, na jawabu yake imekaa juu ya jambo ambalo watu wengi wanalielewa kinyume, kwahiyo tuanze na hilo, meli tutaifikia.

Ukimuuliza mtu kwanini kikombe kile kinatunza moto atakwambia kwa sababu ni cha chuma, na chuma kinashika moto. Haya, sufuria nayo si ya bati na chuma? Mbona huiepui jikoni bila ya kitambaa? Chuma hakishiki moto, chuma kinaupitisha, ndo maana tunapikia. Hiyo steel isiyoota kutu iliyotengenezewa kikombe ni kweli ni nzito wa kupitisha ukiilinganisha na metali nyengine, shaba inaipita zaidi ya mara 20, lakini bado inapitisha joto mara mia kadhaa kuliko hewa. Ingekuwa ni chuma peke yake, chai ya moto ingekuunguza vidole kabla hujafika nayo kibarazani.

Wengine wanasema ni unene, ukuta wake mnene. Huo unene ni wa macho tu. Kuna kuta mbili nyembamba, moja ndani ya nyengine, zimeungana pale mdomoni, na katikati yake hakuna kitu. Si sponji, si pamba, si dawa yoyote. Kiwandani wameifyonza hewa wakaziba. Sehemu inayofanya kazi kwenye kikombe kile cha bei mbaya ni pahala patupu, na mimi naona hili ni moja katika biashara nzuri kabisa zilizowahi kufanyika duniani, kumuuzia mtu patupu na akatoka dukani anafurahi.

Sasa patupu pazuie vipi joto? Chukua jahazi limefunga gatini Malindi limejaa magunia, na gunia moja ni joto. Yako njia tatu za kulifikisha nchi kavu. Ya kwanza wachukuzi wanajipanga msitari wanapeana mkono kwa mkono, hakuna anayeondoka pahala pake lakini gunia linakwenda, na hivi ndivyo joto linavyopita kwenye chuma, chembe inamtingisha jirani yake na jirani anamtingisha wa pili. Ya pili mchukuzi analibeba gunia begani anaondoka nalo mwenyewe, hivi ndivyo hewa na maji vinavyofanya, hewa ikishapata moto inapanda juu na moto wake inakuja nyengine. Ya tatu ni kulirusha gunia tu bila ya mtu katikati, na huo ndo mnururisho, kama joto la jua linavyotufikia sisi ilhali huko njiani hakuna hewa.

Haya, waondoe wachukuzi wote katikati. Mkono kwa mkono hamna tena, wa kubeba begani hayupo, imebaki kurusha. Na kwa kurusha nako kuna dawa yake, ule ukuta uking'arishwa sana, au upakwe shaba kwa ndani ya uwazi kama wanavyofanya viwanda vyengine, gunia linagonga linarudi lilikotoka. Pamebaki pahala pembamba tu, pale mdomoni kuta mbili zinapokutana, hapo wachukuzi wachache bado wanapeana mkono kwa mkono. Ndo maana shingo hufanywa nyembamba, na ndo maana huo uzito wa steel wa kupitisha joto unakuwa na faida, kikombe cha shaba tupu kingevujisha zaidi pale pale.

Lakini kuna njia ya nne ambayo watu wanaisahau, na kwa safari ya meli hii ndo khasa. Juu ya jahazi hakuna ukuta. Wachukuzi wenye nguvu kuliko wenzao wanaruka juu wanatoka na magunia yao, wanaobaki chini ni wale waliochoka. Huo ni mvuke. Chai haipoi kwa kutoa joto ubavuni tu, inapoa kwa sababu chembe zenye moto mkubwa zinaondoka kwa juu.

Na zinaondoka na mzigo mzito. Kuipoza gramu moja ya maji kwa digrii moja ni kutoa jouli 4.2 tu (jouli ni kipimo cha joto), lakini gramu hiyo hiyo ikigeuka mvuke inachukua zaidi ya jouli 2,200. Kwahiyo kwenye kikombe cha mililita 300 ikiondoka gramu 5 tu kwa mvuke, yaani kijiko kimoja kidogo ambacho hata hutoona kama kimepungua, chai yako imeshashuka kama digrii 9. Bibi zetu walikuwa hawajui jouli lakini walijua kuimimina chai kwenye kisahani, uso unakuwa mpana, mvuke unatoka kwa nafasi, unapuliza mara mbili unakunywa. Na kile kikombe kidogo cha kahawa pale Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, unakikamata kwa ncha za vidole, hujamaliza kashata yako kahawa imeshakuwa vuguvugu, kwa sababu kahawa yenyewe kidogo na uso wa kutokea mvuke ni mkubwa kwake. Dele lenyewe, lile birika la kahawa, halina shida hiyo, lakini dele linakalia makaa, kule joto halitunzwi, linaongezwa.

Sasa rudi melini. Meli ya kruzi ikienda fundo 20, hata kama bahari imelala na hakuna kaskazi wala kusi, juu ya sitaha wewe unapigwa na upepo wa kilomita 37 kwa saa, maana meli ndo inayoukimbilia upepo. Upepo huo unaufagia mvuke juu ya chai kabla haujatulia, na mwengine unatoka, na mwengine. Watu husema chai imepoa kwa sababu upepo wa bahari ni baridi, la, hata upepo wa joto wa Ghuba unaipoza. Kwahiyo kikombe cha themosi kisicho na kifuniko, kile unachokikuta mtu anakitembeza wazi anajisifu ni cha kuta mbili, kimeziba ubavu na kuacha mlango mkubwa wazi. Kifuniko cha plastiki cha bei rahisi juu ya kikombe cha kawaida kinaweza kukusaidia zaidi kuliko kuta mbili zisizo na kifuniko. Ukiwa na vyote viwili ndo mambo yamekaa sawa.

Kwa kinywaji baridi hadithi inageuka, na mie naipenda zaidi hii. Gilasi ya juisi ya barafu kwetu huku inatoka jasho mpaka meza inaloa, na hilo jasho halivuji kutoka ndani, ni mvuke uliomo kwenye hewa umegusa gilasi baridi ukageuka maji. Ule mvuke ulibeba mzigo, si ndio? Ukigeuka maji unautua pale pale, kwenye gilasi yako. Kuyeyusha gramu moja ya barafu kunataka jouli 334, kwahiyo kila gramu moja ya jasho inayojikusanya nje ya gilasi inaleta joto la kutosha kuyeyusha kama gramu 7 za barafu ndani. Yaani hewa yetu ya unyevu inakulia barafu yako mbele ya macho yako. Kikombe cha themosi hakitoki jasho kwa sababu ukuta wa nje hauupati ubaridi, na kwa hali ya hewa ya Ghuba au ya kwetu nafikiri hii ndo faida yake kubwa, kuliko chai.

Aliyekibuni hakuwa na habari na chai. James Dewar, Mskoti aliyekuwa London, alikitengeneza mwaka 1892 kwa ajili ya gesi alizokuwa akizipoza mpaka zinakuwa majimaji, alitaka zisipate joto. Hakuikatia hati ya ubunifu, Wajerumani wakaifanya biashara mwaka 1904 kwa jina la Thermos, na alipokwenda mahakamani akashindwa.

Haya, ukichukue? Kuna jambo la meli ambalo halina uhusiano na joto. Meli nyingi hazitaki ujaze kikombe chako mwenyewe moja kwa moja kwenye mashine ya vinywaji pale bufee. Si ubahili. Kuna kirusi kinaitwa norovirusi, kinaleta kutapika na kuharisha, na chembe zake chache sana, chini ya 100, zinatosha kumuangusha mtu. Kikombe ulichokiweka mdomoni kikigusa bomba, na nyuma yako wako watu elfu wanasubiri chai, unaona mwenyewe. Tusiwaonee lakini, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti maradhi, inasema meli za kruzi ni kama asilimia 1 tu ya milipuko yote ya kirusi hicho inayoripotiwa, ila ndani ya meli watu wamebanana na wanagusa vitu vile vile. Na ile jeli ya mkononi haikiwezi vizuri, kinataka maji na sabuni. Unachofanya ni kuchukua kikombe cha meli, ukijaze, halafu umimine kwenye chako pembeni, au umuombe muhudumu. Hakuna anayekukataza.

Hapo ndo hesabu ya kweli inapokuja, maana kila ukimimina kutoka kikombe kwenda kikombe unapoteza joto, na kikombe cha chuma kilichokuwa baridi kinanyonya lake kwanza. Kisuuze na maji moto kabla. Vikombe vya bufee kwa kawaida ni vidogo, kwahiyo mtu wa magi kubwa atamimina viwili.

Kama wewe chai unainywa pale pale mezani na wenzako ukamaliza, kiache, kinakula uzito wa begi bure. Lakini bufee mara nyingi iko sitaha za juu, kabini yako labda iko chini kabisa, na meli kama Icon of the Seas ina sitaha 20 na urefu wa mita 365, kutoka huku mpaka kule na lifti zenyewe zimejaa, chai ya kikombe wazi inafika imeshakata tamaa. Birika la umeme usifikirie kulibeba, meli nyingi zinakunyang'anya mlangoni kwa khofu ya moto, na kabini za meli nyengine hazina birika kabisa. Kwa mzee anayeamka alfajiri akasali halafu anataka chai yake kabla hata hajasema na mtu, kikombe chenye kifuniko kilichojazwa usiku kina maana, ila jaza chai kavu au maji moto tu. Chai ya maziwa iliyolala ndani ya themosi mpaka ikawa vuguvugu ni pahala pazuri pa kuzaliana vijidudu, wao raha yao iko kati ya digrii 5 na 60.

Na kingine, kinaweza kutunza kupita kiasi. Shirika la utafiti wa saratani la WHO mwaka 2016 liliviweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya digrii 65, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Fungua kifuniko uwache mvuke ufanye kazi yake dakika kadhaa.

Kabla ya kununua Darajani au popote, ujue si kila kuta mbili ni tupu katikati, kuna vyengine vimeachiwa hewa tu. Dukani huwezi kuona. Ukifika nyumbani tia maji yanayochemka, funga, ngojea dakika 5, upitishe kiganja nje kuanzia chini mpaka juu. Shingoni kuwa na uvuguvugu ni kawaida. Tumboni pakiwa pa moto, hewa imo, na hata kikombe kizuri kilichoanguka kikabonyea kinaweza kuwa hivyo. Kirudishe kama muuzaji anakujua.

Uwanja wa ndege upite nacho kitupu, maji utatia ukishapita ukaguzi. Na ule mpira mwembamba ulioko ndani ya kifuniko, utoe kwa ncha ya kijiko ukauoshe peke yake, tena uuache ukauke usiku mzima kabla ya kuufunga kwenye begi, maana maziwa yanajificha nyuma yake na siku ya tatu baharini kabini nzima itajua.