Je, rehema hufuta haki?

Wapo wanaoamini kwamba Mungu wa Agano la Kale ni wa hukumu tupu, na kwamba katika Agano Jipya haki iliwekwa kando ili kuipisha rehema. Maandiko yenyewe hayasemi hivyo. Katika Kutoka 34:6-7, baada ya Waisraeli kuabudu ndama ya dhahabu, Mungu anajitangaza mbele ya Musa kuwa mwingi wa huruma, asiye mwepesi wa hasira, mwenye kusamehe uovu, na papo hapo asiyemhesabia mwenye hatia kuwa hana hatia.

Mfano ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru kule Yeriko. Yesu anakwenda nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti moja, huku watu wakinung'unika. Hiyo ni rehema. Zakayo ndipo anaposimama na kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini, pamoja na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, kiwango kile kile ambacho Torati ilimtoza mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Mfalme Daudi naye, katika 2 Samweli 12, aliondolewa dhambi yake ya kumtwaa mke wa Uria na kumuua Uria, ila upanga, yaani umwagaji damu, haukuondoka nyumbani mwake.